Modi zisizo za kawaida katika kiendeshi cha video: kwa nini picha ya 1366 kwa 768 inalala upande?

mjenzi_wa_kiini (mwanzisha mada)

Habari zenu, wanajukwaa. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiandika mfumo endeshi mdogo kwa ajili ya kujifunza, na sasa nimefika kwenye kiendeshi cha video, yaani programu inayoiongoza kadi ya skrini, sehemu ambayo niliiona nyepesi kabla sijaigusa. Kiendeshi changu kina jedwali la modi nne, yaani vipimo vinne vya picha kwa pikseli: 640 kwa 480, 800 kwa 600, 1024 kwa 768 na 1280 kwa 1024, na katika zote nne kila kitu kinakwenda sawa: nikichora mstari wima unasimama wima, na nikiandika herufi inasomeka. Tatizo lilianza nilipoongeza modi ya tano, 1366 kwa 768, ambayo ndiyo ya skrini ya kompyuta mpakato niliyo nayo.

Niliijaribu mahali pawili. Kwanza nilitumia QEMU, programu inayoiga kompyuta, na kadi yake ya kawaida inayofuata rejista (vihifadhi vidogo vya maunzi) za Bochs, programu nyingine ya namna hiyo, ambako namba ya rejista huandikwa kwenye mlango 0x1CE na thamani yake kwenye mlango 0x1CF. Niliandika upana 1366, kimo 768 na biti 32 kwa pikseli, kisha nikaiwasha modi. Picha ilitokea, lakini ililala: mstari wima ulikuwa ukienda kulia kadiri unavyoshuka. Nikadhani kosa ni la mashine pepe, kwa hiyo nikaiwasha programu ileile kwenye kompyuta halisi kupitia UEFI, programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, nikitumia bafa ya fremu (kumbukumbu inayoshika picha ya skrini) kama UEFI ilivyoniachia. Huko nako picha ililala, ila kwa upande wa pili: mstari wima unakwenda kushoto, na chini kabisa ya skrini inabaki mistari michache ambayo haikuchorwa. Msimbo ni uleule, upana ni uleule, na anwani ya pikseli naikokotoa kwa njia ileile: namba ya mstari mara 1366, jumlisha nafasi ya pikseli kwenye mstari, kisha zidisha kwa 4.

Jambo la pili linahusu mashine ya zamani ya mezani ambayo nimeitenga kwa ajili ya majaribio. Ningependa iwe na modi ya 320 kwa 240 yenye rangi 256, kwa sababu naandaa programu ndogo ya kuwafundisha watoto jiometri na nataka duara lionekane duara. Niliziweka rejista za VGA, aina ya zamani ya kadi ya video, kama inavyoelezwa katika maandishi ya zamani, na skrini ikaikubali modi, lakini picha imejikunja juu ya yenyewe, na kati ya kila pikseli nne za mstari ni moja tu inayowaka.

Swali langu kubwa zaidi ni la usanifu. Je, ni sahihi kiendeshi kujisumbua na modi za namna hii, au kiwe na jedwali fupi la modi zinazofahamika na kukataa nyingine zote? Naomba mnieleze kwa kirefu, kwa sababu nataka kuelewa na si kupata namba za kunakili tu.

fundi_skrini

Ndugu mjenzi, umetusaidia sana kwa kutaja pande mbili za mlalo huo, kwa sababu mlalo wenyewe ni kipimo, na mtu mwenye karatasi na kalamu anaweza kulifikia kosa bila kuufungua msimbo wako.

Unavyovichanganya ni vitu viwili: upana wa picha na hatua ya mstari. Upana ni idadi ya pikseli zinazoonekana katika mstari mmoja. Hatua ya mstari ni umbali, kwa baiti, kutoka mwanzo wa mstari mmoja hadi mwanzo wa mstari unaofuata katika kumbukumbu. Katika modi zako nne za mwanzo vitu hivi viwili vilikuwa sawa kwa bahati tu. Chukua 1280: ukiizidisha kwa baiti 4 unapata 5,120, ambayo inagawanyika kwa 64 bila baki, na ndivyo ilivyo pia kwa 2,560, 3,200 na 4,096 za modi nyingine tatu. Maunzi mengi ya video hupenda kila mstari uanzie kwenye kigawe fulani cha baiti, mara nyingi 64, kwa hiyo hayakuwa na sababu ya kukuongezea kitu.

Sasa zidisha 1366 kwa 4. Unapata 5,464, ambayo ukiigawa kwa 64 inakupa 85 na baki. Maunzi yanapanda hadi 86, na hatua ya mstari inakuwa baiti 5,504, sawa na pikseli 1,376. Wewe unaandika kila mstari pikseli 10 kabla ya mahali skrini inapoanzia kuusoma, ndiyo maana picha inasogea kushoto pikseli 10 kwa kila mstari. Ukifika mstari wa 768 umepungukiwa na pikseli 7,680, ambazo ni zaidi kidogo ya mistari mitano na nusu ya pikseli 1,376. Tazama tena sehemu ya chini ya skrini na uhesabu: naamini utakuta mistari mitano mitupu kabisa, na juu yake mmoja ambao rangi imeishia kabla ya nusu.

Kwenye QEMU kinachotokea ni kinyume. Kadi ile hukubali upana ulio kigawe cha 8 pekee, na usipoipa kigawe cha 8, QEMU huzikata biti tatu za mwisho za upana huo bila kukuambia. Uliomba 1366 ukapewa 1360, na kwa kuwa unaandika pikseli 1366 kwa kila mstari, pikseli 6 za ziada zinamwagikia mstari unaofuata na picha inakwenda kulia. Huku hukuona mistari mitupu chini kwa sababu ulichora kupita mwisho wa picha, pikseli 4,608 nje ya eneo linaloonekana. Safari hii ziliangukia kwenye kumbukumbu ya video isiyotumika, lakini siku ukihifadhi kitu kingine mahali hapo utaandika juu yake, na utalitafuta kosa hilo kwa wiki nzima mahali pasipo pake.

Dawa ni moja kwa pande zote mbili: usiamini ulichoomba, soma ulichopewa. Kwa rejista za Bochs, baada ya kuiwasha modi soma tena rejista ya 1, yenye upana, na rejista ya 6, yenye upana wa kumbukumbu, kisha utumie hiyo ya 6 kukokotoa hatua ya mstari. UEFI hukupa namba mbili zilizo mbalimbali, upana wa picha na idadi ya pikseli kwa mstari wa kumbukumbu, na wengi huisoma ya kwanza tu. Kiwango cha VBE, kilichowekwa na shirika la VESA kwa ajili ya modi za video, nacho kina thamani ya baiti kwa mstari, na toleo la 3.0 la mwaka 1998 liliongeza thamani ya pekee kwa ajili ya bafa ya mfululizo, kwa hiyo hata ndani ya modi moja usidhani hatua ni ileile kwa kila njia ya kuifikia kumbukumbu.

mjenzi_wa_kiini

Nimehesabu kwa kuisogelea skrini na taa ya simu. Ni mitano mitupu, na wa sita umepakwa rangi upande wa kushoto peke yake. Nimefurahi mno kuona hesabu imelitangulia jicho.

Sasa nimebaki na wasiwasi mwingine. Kama jedwali langu la modi haliaminiki, kiendeshi kitajuaje skrini iliyounganishwa inataka nini? Nina skrini ya pili ya nje, nayo ni ya 1366 kwa 768, lakini programu yangu ya kusoma EDID, yaani baiti ambazo skrini hujieleza kwazo, inaniambia kuwa ni 1360 kwa 768. Nimeihakikisha jumla ya baiti 128 na inatoa sifuri inavyotakiwa, kwa hiyo data yenyewe haijaharibika.

fundi_skrini

Data haijaharibika, ila umeisoma sehemu isiyoweza kuisema namba hiyo. EDID ina mahali pa aina mbili pa kutajia modi. Aina ya kwanza ni modi za kawaida, nafasi 8 za baiti 2 kila moja, ambamo upana huhifadhiwa baada ya kugawanywa kwa 8 na kupunguzwa 31. Namba 1366 ukiigawa kwa 8 unapata 170.75, na robo tatu haina pa kukaa katika baiti. Aliyeitengeneza skrini analazimika kuandika 1360 au 1368, ama aiache nafasi hiyo.

Aina ya pili ni maelezo kamili ya majira, yaani vipimo vya muda vya modi, nafasi 4 za baiti 18 zinazoanzia baiti ya 54, ingawa si lazima zote nne zitumike kwa kazi hiyo. Humo upana una biti 12, nane za chini katika baiti moja na nne za juu katika nusu ya baiti nyingine, kwa hiyo 1366, ambayo ni 0x556, inaingia bila shida. Anzia hapo. Nafasi ya kwanza ndiyo huwa na modi ambayo skrini yenyewe inaipendelea. Kwa kipimo cha VESA cha 1366 kwa 768, unachotarajia kukikuta ni saa ya pikseli (kasi ya kutuma pikseli) ya 85.5 MHz, jumla ya pikseli 1,792 kwa mstari pamoja na kipindi cha giza, na jumla ya mistari 798, ambavyo vinakupa mara 59.79 kwa sekunde. Saa hiyo imeandikwa kwa vipande vya kHz 10, yaani utasoma 8,550.

Usijaribu kuyabuni majira hayo kwa kanuni ya CVT, ambayo hukokotoa majira kutokana na upana na kimo, kwa sababu kanuni hiyo nayo hufanya kazi kwa vipande vya pikseli 8. Ukiiendesha programu ya cvt katika Linux na kuipa 1366 na 768, itakurudishia 1368 kwa 768 kwa saa ya 85.25 MHz. Jambo hili limewasumbua watu kiasi kwamba ndani ya kiini cha Linux, katika sehemu inayosoma EDID, kuna kipande kidogo cha msimbo ambacho kazi yake ni kuitambua modi ya 1368 kwa 768, kuipunguza hadi 1366, na kuyasogeza mapigo ya kulandanisha nyuma kwa pikseli moja. Hakuna aibu kuweka kipande cha namna hiyo katika kiendeshi chako, mradi uandike kando yake sababu ya kuwepo kwake.

Na kama unajiuliza namba hii ilitoka wapi, zidisha 768 kwa 16 na ugawe kwa 9. Utapata 1365.33, nayo ikapandishwa. Ilikuwa gharama kubwa kwa sehemu ndogo ya pikseli: 1366 mara 768 ni pikseli 1,049,088, ambazo zimezidi 2 kwa kipeo cha 20 kwa pikseli 512 tu.

mhandisi_mstaafu

Mwanangu, naomba nilishughulikie lile la 320 kwa 240, kwa sababu modi hiyo nimeishi nayo, na bado naipenda. Michael Abrash aliieleza mwaka 1991 na kuiita Modi X, na wengi wetu ndipo tulipoanza kuielewa VGA.

Ili uelewe kwa nini picha yako imejikunja, inabidi uanzie kwenye modi ya 13h, ile ya 320 kwa 200. Kumbukumbu ya VGA ni kilobaiti 256, zilizogawanywa katika matabaka manne ya kilobaiti 64. Katika modi ya 13h matabaka hayo yameunganishwa kwa mnyororo: biti mbili za chini za anwani huchagua tabaka, kwa hiyo mwandishi wa programu anaona baiti 64,000 zilizofuatana kuanzia 0xA0000 na hajui kuwa kuna matabaka. Ni raha, lakini raha hiyo inaishia kwenye dirisha la baiti 65,536. Modi ya 320 kwa 240 inahitaji baiti 76,800, hivyo haienei, na ndiyo maana mnyororo hukatwa kwa kuizima biti ya 3 katika rejista ya 4 ya kipangaji, sehemu ya VGA inayosimamia kumbukumbu na saa.

Ukishaukata, anwani moja haiwakilishi tena pikseli moja. Inawakilisha nne. Pikseli iliyo kwenye nafasi x ya mstari y inakaa katika anwani ya y mara 80 jumlisha x gawa kwa 4, na tabaka lake ni baki la x baada ya kugawanywa kwa 4. Wewe bado unaandika y mara 320 jumlisha x. Kwa hiyo mstari wako mmoja unaenea juu ya mistari minne ya skrini, na robo nne za picha zinapandana. Na kwa kuwa rejista ya 2 ya kipangaji, inayosema ni matabaka yapi yapokee maandishi, umeiacha na thamani 1, ni tabaka la kwanza tu linalopokea rangi, ndiyo hiyo pikseli moja kati ya nne uliyoiona. Hesabu yako na macho yako vinakubaliana, kama ilivyokuwa kwa mistari mitano.

Nikutahadharishe mitego mitatu iliyonipotezea usiku mwingi. Wa kwanza: rejista ya kuandika hupokea biti nne, moja kwa kila tabaka, lakini ya kusoma, yaani rejista ya 4 ya kidhibiti cha grafiki, hupokea namba ya tabaka kuanzia 0 hadi 3. Ukiipa thamani ileile utasoma tabaka lisilo lako. Wa pili: rejista 0 hadi 7 za kidhibiti cha skrini hufungwa na biti ya 7 ya rejista 0x11, na usipoifungua kwanza maandishi yako yatapuuzwa kimya. Wa tatu: unapobadilisha saa, kiweke kipangaji katika hali ya kusimama kwanza, ukimaliza ndipo ukiachie. Na kama skrini yako ya majaribio ni ya zamani yenye bomba, usicheze na majira kwa kubahatisha, kwa kuwa baadhi ya zile za masafa yasiyobadilika zingeweza kuharibika kwa mapigo yasiyo yao.

Kuhusu duara lako, umechagua vizuri. Modi ya 320 kwa 200 ikijaza skrini ya 4 kwa 3 huwa na pikseli ndefu kuliko upana wake, kwa uwiano wa 1.2 kwa 1, na duara linakuwa yai. Katika 320 kwa 240 pikseli ni mraba. Pamoja na hayo, kila ukurasa unachukua baiti 19,200 katika kila tabaka, hivyo kurasa tatu zinaenea ndani ya kilobaiti 64 na unaweza kuchora ukurasa mmoja huku mwingine ukionyeshwa. Tena ukiyafungua matabaka yote manne, andiko moja linajaza pikseli nne kwa mpigo, jambo ambalo kwenye mashine za wakati ule lilikuwa na thamani kubwa.

Kwa upande wa usanifu, ninachokushauri ni kuacha kuifikiria modi kama upana, kimo na rangi. Weka miundo miwili. Mmoja uwe wa majira: saa ya pikseli, mahali mapigo yanapoanza na kuishia, jumla ya mstari na jumla ya mistari. Mwingine uwe wa mpangilio wa kumbukumbu: hatua ya mstari, idadi ya biti, idadi ya matabaka, na namna pikseli zilivyogawanywa. Walioandika kiwango cha VBE waliliona hili, kwa sababu maelezo ya kila modi yana namba ya aina ya kumbukumbu, ambapo 4 ni pikseli zilizofungashwa pamoja, 5 ni rangi 256 bila mnyororo, na 6 ni rangi za moja kwa moja. Modi ya rangi 256 ikija na namba 5, upana na kimo chake peke yake havikuambii lolote kuhusu mahali pa kuandika.

baiti_kwa_baiti

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, naafiki maelezo ya matabaka lakini sikubali yapande hadi kwa programu. Ukimwambia kila mwandishi wa programu kwamba mpangilio unaweza kuwa wa matabaka, wa kufungashwa, wa biti 15, 16, 24 au 32, basi umeuhamisha mzigo wa kiendeshi na kumtwisha asiyehusika, na nusu yao watakosea kama mwenzetu alivyokosea hatua ya mstari.

Ninachopendekeza ni bafa ya kivuli. Programu zote zichore katika kumbukumbu ya kawaida kwa mpangilio mmoja tu, biti 32 kwa pikseli, na kiendeshi kinakili sehemu zilizobadilika na kuzigeuza ziendane na modi iliyopo. Kiendeshi cha simpledrm, kilichoingia katika Linux toleo la 5.14 mwaka 2021, hufanya hivyo: hupokea bafa iliyoachwa na programu ya kuwashia kompyuta katika mpangilio wowote kinachoufahamu, na programu huziruhusu zichore kwa biti 32 hata kama bafa yenyewe ni ya biti 16. Kwa 320 kwa 240 kazi ya kugeuza ni ya pikseli 76,800 tu. Kuna faida nyingine ambayo huonekana baadaye: kusoma kutoka kumbukumbu ya video ni polepole sana, na programu inayochanganya rangi zinazopitisha nuru hulazimika kusoma kabla ya kuandika. Ikisoma kutoka kwenye kivuli, haikutani na upole huo.

Kuhusu swali la kukataa modi, jibu langu ni kwamba kiendeshi kinapaswa kukataa mapema na kwa sababu iliyotajwa. Linux ina njia ya kuuliza kama mpangilio fulani unawezekana bila kuutekeleza, na kila modi inayokataliwa hupewa sababu, kwa mfano kwamba saa yake imezidi uwezo. Kilichokuumiza kwenye QEMU hakikuwa kukataliwa. Ulikubaliwa nusunusu, na ukanyamaziwa.

mhandisi_mstaafu

Marahaba. Kuhusu programu za kawaida umenishawishi, na pikseli 76,800 si mzigo. Ila kivuli hakiondoi haja ya kiendeshi chenyewe kuujua mpangilio halisi, kwa sababu anayegeuza lazima ajue anageuza kuelekea wapi. Tena kwenye mashine yake ya zamani, akinakili tabaka kwa tabaka badala ya pikseli kwa pikseli, ataibadilisha rejista ya matabaka mara 4 kwa fremu nzima badala ya mara 76,800. Na kwa rangi 256 kuna jambo ambalo hukuligusa: kugeuza biti 32 kuwa namba ya rangi katika kibao cha rangi si kugawanya tu, ni kuchagua rangi iliyo karibu. Kwa programu ya jiometri yenye rangi chache, afadhali mpangilio wa kivuli nao uwe wa namba za rangi.

mjenzi_wa_kiini

Nawashukuru wote, na naomba nieleze nilichofanya ili atakayekuja na tatizo hili asianzie sifuri.

Jedwali nimelifuta. Kiendeshi sasa kina muundo wa majira na muundo wa mpangilio, na hakuna mahali hata pamoja katika msimbo ambapo upana unazidishwa na namba ya mstari. Kinachozidishwa ni hatua, na hatua husomwa baada ya modi kuwashwa. Kwenye kompyuta mpakato UEFI ilinipa 1366 kwa upana na 1,376 kwa mstari wa kumbukumbu, kama fundi_skrini alivyokokotoa kabla ya kuiona mashine, na mstari wima umesimama. Kwenye skrini ya nje nafasi ya kwanza ya baiti 18 ilikuwa na 1366 na saa ya 8,550.

Modi X nayo inafanya kazi kupitia kivuli cha baiti moja kwa pikseli, kinachonakiliwa tabaka kwa tabaka. Duara niliipima kwa rula juu ya kioo: wima na mlalo ni sawa.

Kilichobaki ni QEMU, ambako 1366 haipatikani kwa rejista zile. Nimeamua kwamba programu ikiomba 1366 mahali penye 1360, kiendeshi kirudishe jibu la kukataa pamoja na upana ulio karibu, na programu yenyewe iamue kama itakubali. Yangu inaikubali, na inaihamisha picha katikati kwa kuacha pikseli zake 3 za pembeni kila upande bila kuchorwa, badala ya kuibana picha na kuziharibu herufi.